Paka Mwenye Kisukari: Insulini, Chakula na Hukumu za Kumuuguza Nyumbani

Tumeletewa suala ambalo, tukiri, lilipofika mezani baadhi yetu walicheka. Muulizaji ana paka dume wa miaka 11, amehasiwa, mnene, halali nje. Tangu miezi miwili iliyopita anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa hata juu ya msala, na ingawa anakula kuliko zamani, anakonda. Daktari wa wanyama amempima akasema ni kisukari, na kwamba atahitaji kudungwa insulini mara mbili kila siku, huenda maisha yake yote. Muulizaji anataka kujua: je, ni wajibu kumtibu? Je, ikiwa insulini imetokana na nguruwe? Na pesa hizo, hazitakuwa israfu hali ya kuwa jirani analala na njaa?

Baada ya kicheko tulikaa tukafungua vitabu, na tukaona suala hili lina milango mingi ndani ya fiqhi yetu. Tukaona pia kwamba hukumu yake haifahamiki bila ya kuujua ugonjwa na tiba yake, kwani wanazuoni wetu hawakihukumii kitu kabla ya kupata sura yake kamili. Kwa hiyo tumeyaandika yote mawili pamoja, na sehemu kubwa ya makala hii ni kazi ya mikono: sindano, sahani na saa.

Nafaqa ya mnyama asiyefaa kitu tena

Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka inajulikana na kila mtoto wa madrasa, na wameipokea Bukhari na Muslim. Mara nyingi, hata hivyo, hutajwa kijuujuu, kana kwamba kosa lilikuwa ni ukatili tu kwa jumla. Ukiitazama vizuri utaona kosa limefungwa na mambo mawili kwa pamoja: alimfungia paka, na katika kumfungia huko hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie mwenyewe. Yaani alimkatia kiumbe njia ya riziki yake kisha asisimame yeye mahali pa njia hiyo. Paka wa leo anayeishi ghorofa ya tatu, mlango umefungwa na madirisha yana wavu, yuko katika hali hiyo hiyo kila siku ya maisha yake. Tofauti ni kwamba sisi tunamlisha.

Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H, sawa na 1277) ameeleza katika Minhaj kwamba mwenye mnyama analazimika kumlisha na kumnywesha. Akikataa, basi kwa mnyama anayeliwa hulazimishwa kuuza, au kulisha, au kuchinja. Na kwa asiyeliwa hulazimishwa kuuza au kulisha. Na wakasema kuwa kumwachia ajilishe kunatosha, kwa sharti kwamba huko atapata cha kumtosha. Sharti hilo ndilo linalotuhusu. Paka aliyezoea sahani, ambaye kisukari kimeshamlegeza miguu ya nyuma, hawezi kukimbiza panya. Kumtoa nje ya lango usiku na kusema “nimemwachia Mungu” hakumtoi mwenyewe katika dhima.

Izzuddin bin Abdis-Salaam (aliyefariki 660 H), katika kitabu chake cha Qawaid al-Ahkam, amezihesabu haki za wanyama juu ya mwanadamu, na katika haki hizo akataja kuwatolea matumizi yanayowastahiki hata kama wamelemaa au wameugua kiasi cha kutofaa kwa lolote. Na katika Wamaliki, ad-Dasuqi (aliyefariki 1230 H, sawa na 1815) ametaja katika hashia yake jambo ambalo lilitushangaza kwa jinsi linavyokaribiana na suala letu: paka akipofuka, nafaqa yake inakuwa juu ya yule ambaye paka huyo amekwama nyumbani kwake, ikiwa hana uwezo wa kuondoka, akiweza kuondoka, haimlazimu. Tazama jinsi walivyoipima hukumu kwa uwezo wa mnyama.

Ama tiba, si sawa na chakula. Katika madhehebu yetu ya Shafi hata mwanadamu kujitibu ni sunna na si wajibu, sasa itakuwa vigumu kumfanyia paka jambo kuwa fardhi ambalo bwana wake hakufaradhishiwa. Tunaloliona sisi ni hili: chakula na maji ni wajibu bila shaka, tiba ni ihsani inayotarajiwa malipo kwa mwenye uwezo, baada ya kutimiza nafaqa ya mke, watoto na wazazi. Lakini anayeanza sindano na aelewe kuwa amejibebesha dhamana mpya. Insulini ikishaingia mwilini na chakula kikakosekana, au ukampa kipimo kikubwa kwa uzembe, anayemdhuru si ugonjwa tena, ni mkono wako.

Ugonjwa wenyewe

Maradhi haya waliyajua waganga wetu wa zamani. Ibn Sina (aliyefariki 428 H/1037) aliyaandika katika Qanun, na Abdul-Latif al-Baghdadi (aliyefariki 629 H/1231) akayatungia risala makhsusi. Waliiona kiu, waliuona mkojo mwingi, waliona mwili unavyoyeyuka. Chanzo hawakukiona, kwani kimo ndani ya kongosho, katika vikundi vidogo vya chembe vinavyotengeneza insulini. Insulini ndiyo inayoufungulia sukari mlango ili itoke kwenye damu iingie mwilini. Ikipungua, au mwili ukiikaidi, sukari hurundikana ndani ya damu, na viungo vikabaki na njaa katikati ya shibe. Ndiyo maana paka huyu anakula na kukonda kwa wakati mmoja.

Kwa paka wengi, kisukari hufanana na kile cha watu wazima wanene: mwili kwanza unaikaidi insulini, kisha kongosho linachoka. Wanaoshikwa zaidi ni madume waliohasiwa, wenye umri mkubwa, wanene, wasiotoka ndani. Dawa za jamii ya steroidi, kama prednisolone, nazo huweza kukiamsha. Paka mwembamba wa uchochoroni anayeishi kwa vichwa vya samaki ana dhiki zake nyingi, lakini unene wa sofani si mmoja wao.

Sukari ya damu ya paka ikipita takriban miligramu 250 kwa desilita (karibu milimoli 14 kwa lita), figo hushindwa kuizuia, nayo hutoka na mkojo ikivuta maji. Hapo ndipo kiu huanzia. Paka mwenye afya hanywi zaidi ya mililita 50 hivi kwa kila kilo yake kwa siku. Akizidi mililita 100 kwa kilo, kuna jambo. Mpimie maji kwa kikombe asubuhi, upime yaliyobaki kesho yake. Dalili nyingine ni kutembea kwa visigino, miguu ya nyuma ikilala chini badala ya kusimama kwa vidole. Hii husababishwa na kuathirika kwa mishipa ya fahamu, na mara nyingi hupona taratibu sukari ikidhibitiwa.

Asiambiwe mtu kuwa paka wake ana kisukari kwa kipimo kimoja cha damu. Paka akitiwa kikapuni, akapandishwa bodaboda, akafika mahali panaponuka mbwa, sukari yake hupanda kwa hofu tu. Kwa hiyo daktari makini hutazama pia mkojo, au hupima fruktosamini, ambayo huonyesha hali ya sukari kwa wiki mbili hivi zilizopita.

Insulini ipi, na hukumu yake

Mwaka 1921 huko Toronto, Frederick Banting na Charles Best walipata dondoo la kongosho lililoshusha sukari ya mbwa, na Januari 1922 likadungwa kwa mara ya kwanza mtoto wa miaka 14. Kwa miongo sita iliyofuata insulini ya dunia nzima ilitoka kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe waliochinjwa machinjioni. Mwaka 1982 ndipo ilipoidhinishwa insulini inayotengenezwa na bakteria waliopewa mpangilio wa kurithi wa mwanadamu, bila ya kongosho la mnyama yeyote.

Kwa paka zinatumika hasa tatu. Ya kwanza ni glargine, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lantus, dawa ya watu, inayotengenezwa na bakteria. Ya pili ni ProZinc, iliyotengenezwa makhsusi kwa wanyama, nayo haitokani na nguruwe. Ya tatu ni Caninsulin, na hii ndiyo ya kongosho la nguruwe. Zote tatu hudungwa kila baada ya saa 12, ingawa Caninsulin huisha nguvu mapema zaidi ndani ya mwili wa paka.

Basi mwenye kupata glargine au ProZinc suala la najisi limemwondokea, na madaktari wengi huziona hizo mbili kuwa bora kwa paka hata bila ya kutazama hukumu. Ikiwa mjini hapana ila ya nguruwe, wanazuoni wetu wa Kishafi wameruhusu kujitibu kwa kitu najisi, isipokuwa kilevi kitupu, pale kinapokosekana kilicho twahara kinachosimama mahali pake, kwa kauli ya tabibu mwaminifu. Ikiwa mwanadamu ameruhusiwa kwa nafsi yake, hatuoni sababu ya kumzuia paka asiyekalifishwa. Lakini tone likimwagika kwenye nguo, sharti lioshwe kabla ya sala. Kauli mashuhuri ya madhehebu ni mara saba, moja kwa udongo, kama mbwa. Imam Nawawi mwenyewe katika Majmu aliona kuwa kwa upande wa dalili lenye nguvu ni kutosha kuosha mara moja bila udongo. Wako pia wanaosema kuwa kitu kikishasafishwa kiwandani mpaka kikageuka dhati yake, kimetoka katika hukumu ya asili.

Tunatahadharisha jambo moja linalotendeka. Nyumbani kuna bibi mwenye kisukari, na ndani ya friji kuna kichupa chake. Mtu akaona amdunge paka kidogo kutoka humo. Kwanza, ile ni amana na roho ya mtu inaitegemea. Pili, insulini nyingi za zahanati zetu ni zile zilizochanganywa za 70/30, ambazo kwa paka hutenda upesi na kuisha upesi, hazimtulizi. Wala asipewe vidonge vya kisukari vya watu kwa kubahatisha.

Ziko dawa mpya za mdomo kwa ajili ya paka zilizoidhinishwa Marekani: kidonge cha bexagliflozin Desemba 2022, na dawa ya maji ya velagliflozin mwaka 2023. Huzifanya figo ziimwage sukari nje. Ziliidhinishwa huko kwa paka ambao hawajawahi kutumia insulini, na zina hatari ya kuijaza damu asidi hata sukari ikionekana ya kawaida. Hizo hazianzwi bila daktari na vipimo.

Hesabu ya bomba la sindano

Hapa ndipo watu wanapowaua paka wao kwa nia njema, basi tunaomba pasomwe taratibu. Insulini huhesabiwa kwa yuniti. Glargine ni U-100, maana yake kila mililita moja ina yuniti 100. ProZinc na Caninsulin ni U-40: mililita moja ina yuniti 40. Mabomba nayo yameandikwa U-100 au U-40, na bomba lazima lilingane na kichupa.

Ukivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40, kila mstari mmoja ni mililita 0.025, na ndani yake zimo yuniti mbili na nusu. Aliyeambiwa yuniti 2 atakuwa amempa paka 5. Ukifanya kinyume chake, insulini ya U-40 kwa bomba la U-100, kila mstari utakuwa na yuniti 0.4 tu, na paka atabaki na sukari juu huku wewe ukidhani dawa haifai. Wengi huanzishwa na yuniti 1 kwa paka, asubuhi na jioni, na kiasi hicho kwa bomba la U-100 ni tone ambalo jicho la mtu mzima linaweza kulikosa. Tafuta bomba dogo la mililita 0.3 lenye alama za nusu yuniti, na uvae miwani yako.

Kipimo hakipandishwi na mwenye paka kwa kuona sukari ya juu siku moja. Hubadilishwa na daktari, tena kwa kawaida baada ya wiki nzima kupita, kwa sababu mwili huchukua siku kadhaa kuizoea dawa.

Kuhifadhi, kudunga, na saa

Kichupa hukaa ndani ya friji, kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha. Iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka. Caninsulin hutikiswa mpaka iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. ProZinc hubiringishwa polepole baina ya viganja. Glargine haitikiswi wala haichanganywi na kitu, na ikionekana na ukungu haitumiki. Umeme ukikatika siku mbili, kuna njia ya mababu: chungu ndani ya chungu, mchanga mbichi katikati, kitambaa kibichi juu, kichupa kikiwa ndani ya mfuko mkavu. Maji yakikauka hupoza. Dodoma au Garissa, kwenye hewa kavu, hufanya kazi vizuri; Unguja na Mombasa, kwenye unyevu, hupoza kidogo tu, lakini kidogo hicho ni bora kuliko kabati la dirishani.

Kichupa cha glargine cha mililita 10 kina yuniti 1000. Paka anayepata yuniti 2 kwa siku nzima hataimaliza. Mtengenezaji kwa watu ameweka siku 28 baada ya kufunguliwa. Madaktari wengi wa wanyama huruhusu kuendelea kwa muda mrefu zaidi ikiwa imekaa kwenye friji na bado ni angavu. Kalamu ya mililita 3 inapunguza hasara. Anayeiogopa israfu aanzie hapa.

Kudunga kwenyewe ni kwepesi kuliko watu wanavyodhani, kwani sindano ni nyembamba na paka wengi hawageuki hata kutazama wakiwa kwenye sahani. Inua ngozi ya ubavuni kwa vidole iwe kama hema, choma chini ya hema hilo, sukuma, toa. Badilisha upande kila mara. Gusa manyoya: yakiwa yamelowa, huenda dawa ilipita hadi upande wa pili. Hapo usirudie hata kidogo. Dozi moja ikikosekana haimuui paka, dozi mbili zikiingia pamoja zinaweza kumuua.

Ama saa, sisi wenye kuhesabu saa kwa Kiswahili tumerahisishiwa: saa moja asubuhi na saa moja usiku, nambari ni ile ile. Baadhi ya ndugu walipendelea kufuata Alfajiri na Magharibi. Huku kwetu karibu na Ikweta Magharibi haihami sana mwaka mzima, lakini Alfajiri iko mapema mno kwa hesabu ya saa 12, na kwa ndugu walioko London njia hiyo haifai kabisa, maana huko Magharibi huwa alasiri ya saa kumi wakati wa baridi na baada ya saa tatu usiku wakati wa joto. Fuata saa ya ukutani. Katika Ramadhani sindano ya jioni itaangukia baina ya futari na Isha, kabla ya kwenda tarawehe, na sindano ya asubuhi anayofunga mtu akimdunga paka haina athari yoyote katika saumu yake. Tunaliandika hili kwa sababu tumeulizwa.

Sahani

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Ini lake halina vizuri kile kimeng'enya ambacho kwa watu na mbwa huishughulikia sukari inayomiminika ghafla baada ya mlo wa wanga. Tunachompa majumbani ni nini? Wali uliorowekwa mchuzi wa samaki, ugali na dagaa, maziwa yenye sukari yaliyobaki kwenye chai. Wenye uwezo hununua punje kavu za dukani, ambazo nyingi hushikamanishwa kwa wanga. Kwa paka mwenye kisukari chakula kinachopendekezwa ni chenye protini nyingi na wanga mchache sana, usiozidi asilimia 12 hivi ya nguvu yote ya mlo. Chakula laini cha kopo mara nyingi hukidhi hilo na humwongezea maji.

Wanga ukiondolewa, haja ya insulini hushuka, na hushuka kwa siku chache tu. Mtu akiondoa wali ghafla na kuacha sindano ile ile, atamwangusha paka wake. Mabadiliko ya chakula lazima daktari ayajue kabla, na sukari ipimwe mara nyingi zaidi wiki hizo.

Kopo nalo lina suala lake. Wanazuoni wa Kishafi wanaruhusu kumlisha paka nyamafu, lakini kulisha ni jambo moja na kununua ni jingine, na mauzo ya nyamafu na ya nguruwe hayasihi. Makopo ya kuku na ng'ombe kutoka nje mara nyingi hayajulikani yalichinjwaje, na mengine yana nguruwe ndani yake. Njia iliyo salama ni kopo la samaki lililotengenezwa kwa ajili ya paka na lililoandikwa kuwa ni mlo kamili, kwani maiti wa baharini ni halali. Jodari wa kopo wa watu si mlo kamili kwa paka.

Anayetaka kupika mwenyewe anaweza: kuku aliyechinjwa nyumbani, achemshwe bila chumvi, mifupa itolewe kwani iliyopikwa huvunjika kama vioo. Kitunguu maji na kitunguu saumu ni sumu kwa paka, basi mchuzi wa watu haumfai. Samaki wabichi kila siku pia hapana, kuna samaki wanaoiharibu vitamini B1. Nyama tupu kwa miezi humkosesha kalisi, na chakula kisichokuwa na taurini ya kutosha huuharibu moyo na macho. Kwa hiyo mpishi wa nyumbani atahitaji virutubisho vya kuongeza, na ushauri wa kipimo chake.

Ale wakati wa sindano, nusu ya chakula asubuhi na nusu jioni. Kwa glargine hata anayedonoadonoa kutwa hana ubaya. La muhimu ni kuona kwamba amekula. Akikataa chakula kabisa, usimpe dozi kamili kwa mazoea. Piga simu, na wengi wataambiwa wapunguze nusu au waiache. Mnene apunguzwe polepole, asilimia moja hivi ya uzito wake kwa wiki, kwani paka akinyimwa chakula ghafla ini lake hujaa mafuta na anaweza kufa. Wale wanaosema “mshindishe njaa tu atapona” wanamkusudia mabaya bila kujua.

Sukari inaposhuka

Chini ya miligramu 60 (milimoli 3.3) ni hatari. Utamwona amelegea, anapepesuka kama mlevi, anatetemeka, anatazama ukuta, kisha degedege. Akiwa bado anaweza kumeza, mpe chakula chake mara moja, hata chenye wanga, hapa ndipo wanga unapofaa. Akikataa au amezimia, chukua asali umpake kwenye fizi kidogo kidogo. Usimmiminie kinywani, itaingia mapafuni. Na akiwa katika degedege usitie vidole. Kisha mkimbize kwa daktari hata akizinduka, maana insulini iliyomwangusha bado imo mwilini. Kila nyumba yenye paka huyu iwe na kichupa cha asali mahali ambapo hata mtoto na msaidizi wa nyumbani wanapajua.

Kinyume chake ni paka anayetapika, hali, amezubaa, pumzi inanuka kama matunda yaliyochacha. Hiyo ni asidi ya damu, na hakuna tiba yake ya nyumbani.

Inafaa kujifunza kumpima nyumbani. Pasha pembe ya sikio kwa kitambaa cha uvuguvugu, choma ukingoni kwa kisindano, tone dogo linatosha. Mashine za watu kwa kawaida husoma chini ya kiwango halisi cha paka. Ziko zilizopimwa kwa ajili ya wanyama kama AlphaTrak, na ukitumia ya watu mwambie daktari ili ahesabu hivyo. Kusudio kwa jumla ni sukari isishuke chini ya 80 wala isikae juu ya kizingiti cha figo siku nzima. Andika katika daftari: tarehe, saa, dozi, alichokula, uzito wa kila wiki. Daftari hilo lina thamani kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Kuhusu twahara, mate yake na kugusana naye hakuna neno, kwa hadithi ya Abu Qatada aliyemwinamishia paka chombo cha maji yake ya udhu, akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi. Mkojo wake ni najisi, na mgonjwa huyu hukojoa mno, hivyo chumba cha sala kifungwe mpaka sukari itulie, na awekewe beseni la mchanga la pili. Damu ya sikio ni chache na imesamehewa ikimrukia mtu, ingawa kuiosha ni kazi ya dakika moja.

Kuna habari njema ambayo madaktari huichelewesha kusema wasije wakaahidi. Paka wengine waliogunduliwa mapema, wakapewa insulini ya muda mrefu na chakula kisicho na wanga, kongosho lao huamka na wakaachishwa sindano baada ya wiki au miezi. Hii ni rehema na ni hatari pia, kwa sababu siku hiyo haipigi hodi. Paka aliyepona bila ya kugundulika, akiendelea kudungwa dozi yake ya zamani, huanguka. Ndiyo faida ya kupima.

Anayesafiri

Mwenye kwenda Hija au Umra asimwachie jirani funguo na kichupa. Amfundishe wiki mbili kabla, amtazame akidunga, amwandikie saa na kipimo ukutani. Aliyekubali, amekubali amana.

Na asiyekuwa na uwezo wa haya yote? Kwanza aseme wazi kwa daktari, kwani kubadilisha chakula, kupunguza uzito na kuacha steroidi inapowezekana huwasaidia baadhi, na dozi moja ndogo iliyo thabiti ni bora kuliko ratiba ya kitajiri inayovunjika. Amtafute mwenye moyo na uwezo amchukue. Ama kumdunga sindano ya kumfisha, katika madhehebu yetu Fat-hul Muin, ambacho wengi wetu tumekisoma, kinaharamisha kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha, na mfano wake ni punda aliyelemaa. Wako wanazuoni, hasa wa Kihanafi, waliolegeza zaidi katika kumuua paka kwa haja, kama vile mwenye kudhuru, na katika zama zetu wamo waliomruhusia anayeteseka bila matumaini. Tunaona asiye na fedha arudi kwenye kauli ya ad-Dasuqi: chakula na maji ni juu yake maadamu paka amekwama kwake, na zaidi ya hapo Mwenyezi Mungu hamkalifishi asichokiweza. Muulizaji wetu ametuandikia tena: amepata glargine, bomba la nusu yuniti, na kijana wa mtaani anayemsaidia siku za zamu ya usiku, msala amekwisha uosha.